Itashuka Tu, Mama

Ndugu msomaji, kama umewahi kukaa chuo walau muhula mmoja, unajua kwamba siku ya kwanza hatuulizani somo linahusu nini. Tunaulizana, "Nani anafundisha?" Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama utalala usingizi au utakesha, kama likizo utakwenda nyumbani au utabaki kusubiri sapu. Somo ni somo tu. Mwalimu ndiye hali ya hewa.

Ilikuwa mwaka 2023, muhula wa pili, nami niko mwaka wa tatu hapa Dar es Salaam. Chuo chenyewe sitakitaja, maana ninachotaka kusimulia kingeweza kutokea chuo chochote. Somo lilikuwa Fedha za Kimataifa. Tulikuwa wengi kuliko ukumbi, basi tukagawanywa mikondo miwili, kila mkondo na mwalimu wake, na kila mtu ajiandikishe anakopenda kabla nafasi hazijajaa.

Vimbweta vina wazee wake. Hao ni kaka na dada zetu waliokwisha kupita njia ile na kutoka na makovu. Jioni ile wakatukalisha chini.

"Mdogo wangu," mmoja akaniambia, "ukienda kwa Mzee Papo umejimaliza mwenyewe. Nusu ya darasa letu lilikula sapu. Wawili wakadisko kabisa."

Mzee Papo alikuwa profesa aliyekaribia kustaafu. Jina tulimpa sisi, kwa sababu hakuweza kumaliza kipindi bila kutaja bei ya papo kwa papo, yaani bei ya dola ukiinunua sasa hivi na kuondoka nayo. Karatasi zake za kufundishia zilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Alisoma, mliandika. Saa mbili na dakika tano mlango ulifungwa, na aliyebaki nje alibaki nje hata kama daladala lake lilipata ajali. Juu ya hayo yote alikuwa na zoezi moja la ajabu: kila mwanafunzi awe na daftari dogo, na kila asubuhi ya siku ya kazi aandike bei ambayo benki inanunua dola, bei inayouzia, na tofauti kati yake. Wiki kumi na mbili, bila kuruka.

Mwalimu wa pili tulimwita Dokta Mvua, kwa kuwa kwake maksi zilinyesha. Kijana, amerudi na shahada yake ya udaktari kutoka Uingereza, mashati yamenyooka, anajua majina yetu. Desa zake zilikuwa safi, zinatumwa kwenye simu kabla hujaomba.

Unadhani nilikwenda wapi? Nilikimbia. Nilikuwa wa tisa kujiandikisha kwa Dokta Mvua. Mwenzangu wa chumbani, ambaye tulimwita Babu kwa sababu saa tatu usiku anakuwa ameshalala, alichelewa kwa sababu hiyohiyo ya usingizi, akaangukia kwa Mzee Papo. Nilimpa pole kama mtu aliyefiwa.

* * *

Sitamsema vibaya Dokta Mvua. Sijawahi kuona kipindi cha saa mbili kikiisha kama filamu namna ile. Alitueleza siku ya tarehe 16 Septemba 1992, jinsi serikali ya Uingereza ilivyopandisha riba mara mbili kwa siku moja kuilinda paundi isiporomoke, na usiku ikasalimu amri na kuitoa paundi kwenye mfumo wa fedha wa Ulaya. Alitueleza Thailand, iliyokuwa imeifunga fedha yake kwenye takriban baht 25 kwa dola moja, mpaka Julai 2, 1997 ilipoiachia na moto ukasambaa Asia. Tulitoka ukumbini tukitembea kama tumetoka London wenyewe.

Siku moja akafundisha nadharia ya Gustav Cassel, yule mchumi wa Sweden: kwamba kitu kilekile kinatakiwa kigharimu sawasawa kila nchi ukishabadilisha fedha, na kama hakigharimu sawa, basi fedha moja imezidishiwa bei, na siku moja itarudi mahali pake. Akatuonyesha kipimo ambacho gazeti la The Economist lilianza kukichapa mwaka 1986, cha kulinganisha bei ya mkate wa nyama wa McDonald's nchi hadi nchi. Mtu wa nyuma akauliza, "Dokta, mbona huo mkate hapa kwetu hauuzwi?" Dokta akacheka. "Basi tumieni chipsi mayai!" Ukumbi mzima ukacheka. Hakuna aliyekwenda kupima kwa chipsi mayai, wala yeye hakutudai.

Kitu kimoja nikaondoka nacho: fedha ikiyumba, hurudi. Kuwa mkweli, kwenye desa Dokta alikuwa ameandika "baada ya muda mrefu." Mimi maneno hayo niliyaruka kama mtu anavyoruka masharti kwenye tiketi ya basi.

Babu, kwa upande wake, aliteseka. Kila asubuhi kabla ya chai anatazama bei ya benki na kuandika kwenye daftari lake la kurasa themanini. Tulimwita karani asiye na mshahara. Usiku, kabla usingizi haujamchukua, ananisomea alichoandikishwa, kwa sauti ileile ya Mzee: shilingi yetu ilizaliwa 1966, kabla ya hapo tulitumia moja na Kenya na Uganda, Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, baadaye akawa Waziri wa Fedha na akajiuzulu 1979 baada ya kutokubaliana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, 1986, Mwalimu ameshang'atuka, masharti yakakubaliwa na shilingi ikashushwa, 1992 ikaja sheria iliyoruhusu maduka ya kubadilishia fedha.

"Hayo yatakusaidia nini?" namuuliza.

"Sijui. Labda yatatoka kwenye mtihani."

Na anakoroma.

* * *

Sasa nikupeleke nyumbani, Temeke. Mama yangu anauza mashuka na mapazia Kariakoo, kwenye kizimba ambacho ukinyoosha mikono unagusa pande zote mbili. Mzigo wake unatoka Guangzhou. Haendi mwenyewe, kuna wakala anayekusanya oda za kina mama kumi, kumi na tano, anazijaza kontena moja. Utaratibu ni kwamba unatoa asilimia thelathini kuanza, mzigo ukiwa tayari unamalizia sabini. Na vyote kwa dola.

Aprili mama alipata oda iliyomfanya aimbe jikoni. Nyumba ya wageni moja ya Morogoro ilitaka mashuka na mapazia ya vyumba vyote. Mzigo ulikuwa wa dola 6,000. Wakapatana bei kwa shilingi, na wale watu wakatoa kianzio. Mama alipiga hesabu zake kwa bei ya dola ya siku ile, shilingi 2,360. Akalipa dola 1,800. Zikabaki dola 4,200 za kulipa Julai.

Mei ikafika, wiki ile maduka ya Kariakoo yalipofungwa kwa mgomo wa wafanyabiashara. Mama yuko nyumbani, hana pa kwenda, anahesabu fedha. Akanipigia simu.

"Mwanangu, hivi dola imepanda kweli, au hawa watu wananionea? Naambiwa 2,400."

"Imepanda kidogo, mama."

"Nina hela hapa ya kununua dola elfu mbili. Ninunue sasa, au nisubiri niwe nazo zote? Wewe si ndiye unayesomea mambo ya dola?"

Msomaji, swali hilo sikuulizwa na Dokta wala Mzee. Niliulizwa na mtu aliyelipa ada yangu. Na nilikuwa nimekaa kitandani, daftari la Babu liko juu ya meza, hatua mbili kutoka mkono wangu wa kushoto, limejaa wiki tisa za tarakimu. Sikulifungua. Nilikumbuka filamu ya Thailand, nikakumbuka mkate wa nyama, nikajisikia msomi.

"Itashuka tu, mama," nikamwambia. "Soko huwa linajisawazisha. Subiri."

"Haya, mwanangu. Wewe ndiye unayejua."

Juni tulifanya mitihani. Swali la tatu lilikuwa hivi: kampuni ya Chicago inadaiwa faranga za Uswisi, italipa baada ya siku 90, eleza njia tatu za kujikinga na upandaji wa faranga, ukionyesha hesabu. Nilijaza kurasa nne. Mkataba wa kupatana bei leo kwa fedha utakayoipokea baadaye, nikauweka. Kukopa hapa na kuweka akiba kule, nikaweka. Haki ya kununua bila kulazimika, nikaweka. Nilitoka nikiwa na furaha. Somo lile nilipata A.

Jina la Chicago lilinidanganya. Sikugundua kwamba lile swali lilikuwa la mama.

* * *

Mwaka ule dola ilikuwa adimu hapa kwetu, na sababu zake sasa nazijua: Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba Machi 2022, ikatoka karibu na sifuri hadi kupita asilimia tano, dola zikavutwa kurudi kwao, vita vya Ukraine vikapandisha bei ya mafuta na mbolea, nasi vyote tunanunua kwa dola. Hatukuwa peke yetu. Shilingi ya Kenya iliuanza mwaka kwenye 123 hivi kwa dola na ikaumaliza ikikaribia 157. Nigeria iliiachia naira Juni, ikaanguka.

Lakini mama hakuwa na habari za riba ya Marekani. Alichojua ni kwamba Julai alizunguka benki tatu, akaambiwa arudi kesho, arudi wiki ijayo, tuna mia mbili tu. Maduka ya kubadilishia fedha yalikuwa machache, kwa kuwa mengi yalifungwa baada ya ukaguzi wa Arusha mwaka 2018 na wa Dar es Salaam mwaka 2019. Mzigo uko tayari, wakala anapiga simu, Morogoro wanapiga simu. Mwishowe dola 4,200 alizipata, kwa vipande, kwa 2,560.

Piga hesabu mwenyewe. Shilingi 200 zaidi kwa kila dola. Shilingi 840,000. Faida yote ya Morogoro ilikwenda na nyingine akaongeza kutoka kwenye mchezo wake wa wiki.

Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata pa kushika. Alisema tu, akiwa anakunja mashuka, "Si ulisema itashuka?" Kama mtu anayeuliza jambo alilosahau.

* * *

Chuo kilipofunguliwa nikaenda ofisini kwa Mzee Papo. Sikuwa mwanafunzi wake. Sijui kwa nini sikwenda kwa Dokta Mvua; nadhani niliogopa angenichekesha.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Kaa. Wewe si wa kwangu."

Nikaanza kwa Kiingereza, kama tulivyozoea, maana masomo yote tunafundishwa kwa lugha hiyo. Nikajikwaa. Nilijua kuelezea faranga za Uswisi, lakini mashuka ya Morogoro yalikataa kuingia. Mzee akaninyamazisha kwa mkono.

"Sema Kiswahili. Mama yako alikuuliza kwa lugha gani?"

Nikasimulia yote. Akachukua karatasi, kalamu, akaandika tarakimu zangu moja baada ya nyingine: 2,360, 2,400, 2,560. Dola elfu mbili. Dola elfu nne na mia mbili. Kisha akaniuliza swali ambalo sitalisahau.

"Katika hizi laki nane na arobaini, zako ni ngapi?"

"Zangu, Profesa?"

"Zilizotokana na jibu lako."

Nikahesabu. Dola 2,000 angezinunua Mei kwa 2,400. Kwa ushauri wangu akazinunua Julai kwa 2,560. Shilingi 160 mara elfu mbili.

"Laki tatu na elfu ishirini," nikasema. Sauti haikutoka vizuri.

"Vizuri. Na laki tano na ishirini zilizobaki?"

Nikaanza kumwaga nilichojaza kwenye mtihani: mkataba na benki, bei ipatanwe mapema... Akatikisa kichwa.

"Benki gani itakaa meza moja na mama wa kizimba kwa dola elfu nne? Hizo ni dawa za hospitali kubwa. Mama yako anahitaji dawa ya nyumbani. Moja, anunue kidogokidogo kila anapopata, asingoje ziwe zote. Mbili, siku anapopatana na Morogoro aseme sentensi moja: dola ikipita 2,400, tunakaa tena. Tatu, asitumie bei ya leo kupanga bei ya mzigo wa Julai, aongeze kitu. Hiyo ndiyo Fedha za Kimataifa. Mengine ni mapambo."

"Mbona darasani hamtufundishi hivi, Profesa?" Nilishangaa ujasiri wangu.

Alikaa kimya muda. Akaangalia zile karatasi zake za rangi ya chai.

"Mwaka 1983," akasema, "wakati wa msako wa wahujumu uchumi, mimi ni kijana nimerudi masomoni nje, nikakuta dola ishirini nilizozisahau ndani ya kitabu. Sikulala siku mbili. Nilitaka kuzichoma. Tangu hapo nikifundisha dola nafundisha ya mbali. Kitabuni haikukamati mtu." Akacheka kidogo, peke yake. "Lile daftari ndilo nililoweza. Nilidhani mkiitazama kila siku mtaacha kuiogopa, na mtaacha kuitabiria."

Akaniomba ruhusa kuutumia mfano wa mama darasani, bila jina. Nikampa.

* * *

Jumamosi ile nikaenda Kariakoo na daftari jipya. Nikamweleza mama yale matatu, kwa Kiswahili, kati ya mteja na mteja. Ilichukua muda wa kunywa soda moja. Alisikiliza, kisha akaniuliza, "Hilo tu? Miaka mitatu?"

Nikasema hilo tu. Kisha nikamwambia kuhusu zile laki tatu na ishirini, kwamba ni zangu, na kwamba nitazilipa kidogokidogo kila bumu likiingia. Akasema nisiwe mjinga, ninunue viatu. Nililipa laki na themanini, nikanunua na viatu.

Mwaka uliofuata nilipita chuoni kuchukua vyeti vyangu. Kwenye kimbweta kijana mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa analalamika kwa uchungu: "Testi gani hii? Ati mama wa Kariakoo anadaiwa dola 4,200, umshauri! Halimo kwenye desa hata moja!" Wenzake wakamwambia ndiyo maana walimwonya asiende kwa Mzee Papo. Nilipita kimya.

Huenda unasubiri nikwambie kwamba sasa mama anashinda kila safari. Hapana. Mwaka 2024 dola iliendelea kupanda mpaka ikapita 2,700, naye, kwa ile dawa ya nyumbani, akawa ananunua mia, mia mbili, kila wiki. Kufika Desemba shilingi ikapata nguvu ghafla, dola ikarudi kwenye 2,400 hivi. Mama alikuwa amebaki na dola elfu moja alizozinunua bei ya juu. Nilikwenda kizimbani nimejiandaa kwa lawama, hata maneno ya kujitetea nilikuwa nayo.

Akafungua daftari, akanionyesha tarakimu zake, mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la saba, umenyooka kuliko wangu.

"Safari hii nimepoteza," akasema. "Lakini Morogoro nilikuwa nimeshawapangia bei yenye nafasi, kwa hiyo sijaumia sana. Na hii nimepoteza nikiwa najua ninachofanya."

Akalifunga, akaliweka chini ya rundo la mashuka, akageuka kumhudumia mteja.